Talaka Inagharimu Kiasi Gani? Pa Kulipa na Pa Kutolipa

Mtu akienda kwa mwanasheria kuulizia habari za talaka, swali la kwanza huwa ni bei. Ni swali la haki kabisa. Lakini ada ya mahakama na malipo ya wakili ni sehemu tu ya fedha zinazoteketea katika shauri la ndoa. Nyingine nyingi huteketea kwa kesi kufutwa na kuanzishwa upya, kwa mali isiyokuwa na ushahidi, na kwa rufaa zinazozaliwa na mambo hayo mawili. Anayetaka kutumia kidogo hana budi kuitazama safari nzima kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar ina utaratibu wake; huko ndoa za Kiislamu huamuliwa na Mahakama za Kadhi kwa sheria ya mwaka 2017. Mkazi wa Unguja au Pemba asichukue masharti haya akadhani yanamhusu.

Tuanze na talaka ya karatasi, maana ndiyo inayoonekana rahisi kuliko zote. Mume anaandika, anamkabidhi mkewe mbele ya mashahidi, kila mtu anashika njia yake. Kidini huenda jambo likawa limekwisha. Kwa sheria ya nchi, ndoa iko palepale mpaka mahakama itoe tuzo ya kuivunja. Siku ile haikugharimu kitu, ila deni lake hufika baadaye: mke anataka sehemu yake ya nyumba na hana tuzo ya talaka wala ya kutengana itakayoiwezesha mahakama kugawa mali, mume anafariki na kwenye kikao cha mirathi wanasimama wanawake wawili, kila mmoja na cheti chake, au benki inataka saini ya mwenza kabla ya kupokea nyumba kama dhamana, na mwenza mwenyewe hajulikani ni nani.

Sheria haikuipuuza talaka ya Kiislamu, imeipangia zamu yake. Kwa ndoa iliyofungwa Kiislamu, Baraza la Usuluhishi likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mume au mke akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inatakiwa kutoa tuzo ya talaka. Baraza kwanza, talaka ifuate, mahakama imalizie. Wengi huanza na talaka, kisha hulitafuta Baraza miaka imepita na mwenzao hataki tena hata kupokea simu.

Wapo ambao kwa kweli wanahitaji nafasi ya kupumua kuliko kuvunja ndoa. Kwao upo mlango wa kutengana, ama kwa makubaliano ya maandishi ama kwa tuzo ya mahakama. Kwa gharama, huu ndio mlango mwepesi. Sharti la kupita barazani kwanza limewekwa kwa ombi la talaka, na sharti la kupata kibali cha mahakama ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili nalo ni la talaka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mahakama ikitoa tuzo ya kutengana inaweza pia kugawa mali iliyochumwa pamoja, sawasawa na inavyofanya kwenye talaka. Upungufu wake ni kuwa bado ni mume na mke: mke hawezi kuolewa kwingine, na mume wa ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa. Mkija kuamua kuachana kabisa, mtalipia safari ya pili, ingawa kutengana kwa miaka mitatu au zaidi kunahesabika kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Sasa Baraza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi hufia kabla hazijazaliwa.

Mtu hawezi kufungua ombi la talaka mpaka ugomvi uwe umefikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na Baraza hilo likathibitisha kwamba limeshindwa. Wengi huenda kwenye la kata. BAKWATA na makanisa yana mabaraza yao, na ofisi za ustawi wa jamii nazo hufanya kazi hiyo. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi kumsimamia mtu mbele yake; mwanafamilia ndiye anayeweza kukuwakilisha. Kwa hiyo mtu anayekutoza fedha ili akusemee barazani kama wakili anakuuzia huduma ambayo sheria haimruhusu kuitoa. Hapo usilipe.

Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati kwenye Fomu Na. 3. Ukipewa usiikunje ukaitia mkobani. Isome hapohapo mbele ya mwenyekiti. Tazama kama majina yenu wote wawili yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, kama kuna tarehe, saini na muhuri, na juu ya yote kama imeandikwa wazi kwamba Baraza limewasikiliza na limeshindwa kuwapatanisha. Wapo viongozi wenye nia njema wanaoandika barua fupi kwa hakimu, kwamba wahusika wanaletwa kwako uwasikilize. Barua ya namna hiyo si hati. Hakimu mmoja anaweza kuipokea, kesi ikasikilizwa, hukumu ikatoka, nyumba ikagawanywa, kisha katika rufaa kila kitu kikafutwa. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyokwisha kupanda ngazi baada ya ngazi, kwa sababu tu hati ya Baraza haikuwa halali. Fikiria miaka ya nauli, ya kuomba ruhusa kazini na ya malipo ya mawakili, halafu wahusika wanaambiwa warudi kata kuanza upya.

Hati ina umri pia. Iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua ombi. Anayeichukua mwezi wa kwanza na kwenda mahakamani mwezi wa tisa atarudishwa barazani.

Si kila mtu lazima apite huko. Sheria imewasamehe ambao mwenzao amewatelekeza na hajulikani aliko. Ambao mwenzao anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Ambao mwenzao aliitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika. Na ambao mwenzao amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, au ana ugonjwa wa akili usiotibika. Mwisho kuna mlango wa hali zisizo za kawaida, pale mahakama inaporidhika kwamba kwenda barazani hakuwezekani. Mtu anayepigwa na kutishiwa kuuawa amtajie mwanasheria mlango huu mapema. Na kabla ya yote aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, ambako huduma ni bure, apewe PF3, fomu ya polisi ya kupelekea matibabu, na kutibiwa. Karatasi ile ina uzito mkubwa katika kuthibitisha ukatili, na ikikosekana hainunuliki baadaye.

Baada ya hati linakuja swali la mahakama ipi. Sheria ya Ndoa imezipa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu mamlaka yaleyale ya kusikiliza shauri la ndoa tangu mwanzo. Uchaguzi ni wako. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, mwenye nyumba moja, kiwanja na vyombo vya ndani, ushauri wangu ni Mahakama ya Mwanzo. Iko karibu, kila kitu huendeshwa kwa Kiswahili, na madai yanaweza kuelezwa bila lugha nzito ya kisheria. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama humo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 wanaruhusiwa pale shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi, kwa hiyo ukisikia mwenzako ameweka wakili, muulize karani hakimu wenu ni wa ngazi gani. Mahakama ya Wilaya inafaa zaidi kama kuna kampuni, hisa, mikopo mikubwa ya benki au mali zilizotapakaa mikoa kadhaa. Mahakama Kuu waachie wenye mambo mazito kuliko hayo.

Dar es Salaam wana nafuu moja. Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichopo Temeke kimekusanya ngazi mbalimbali za mahakama mahali pamoja kwa ajili ya ndoa na mirathi, pamoja na watoa msaada wa kisheria. Mtu anapunguza kuzunguka.

Ada ya mahakama lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, kwa simu au benki, na utunze risiti. Hakuna ada halali inayopokelewa mkononi kwenye korido ya mahakama. Asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada, na asione haya kuomba.

Tufike kwa wakili. Kuna njia tatu, na tofauti ya gharama ni kubwa. Ya kwanza ni kumpa wakili shauri zima. Ya pili ni kwenda mwenyewe ukisaidiwa na msaidizi wa kisheria. Ya tatu, ambayo watu hawaifikirii, ni kumlipa wakili kwa kazi maalumu: akuandikie madai, akupangie ushahidi wa mali, aipitie rasimu ya makubaliano, halafu mahakamani usimame mwenyewe.

Ukichagua ya kwanza, uliza mapema kama bei ni ya jumla au ni ya kila tarehe. Malipo ya kila tarehe huanza madogo na kuishia makubwa, kwa kuwa tarehe nyingi ni za kutajwa tu: mnafika, kesi inaahirishwa, mnaondoka. Uliza kama nauli, uchapaji na ada ya kufungua vimo ndani ya bei. Uliza kama rufaa imo, maana mara nyingi haimo. Yapo maelekezo ya serikali ya mwaka 2015 kuhusu malipo ya mawakili, kwa hiyo kuomba hesabu ya maandishi si kumkosea mtu adabu. Kabla ya kulipa, mtafute jina lake kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili uone kama leseni yake iko hai. Vishoka wapo, na wanawapenda watu wenye huzuni.

Njia ya pili si ya kudharauliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni ya bure kwa wasio na uwezo. Chama cha wanasheria wanawake (TAWLA), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 imepeleka wanasheria hadi vijijini. Nenda na nyaraka zako zimepangwa. Watu hawa wanahudumia wengi, na anayefika na bahasha iliyopangika husaidiwa haraka.

Hesabu pia kile ambacho hakiandikwi kwenye risiti yoyote. Tuseme mama lishe wa Mbagala anaingiza 30,000 kwa siku. Siku ya kesi hafungui, na nauli na chakula vinamla 10,000. Kesi ikiitwa mara 12, ameshapoteza 480,000 hata kama hakumlipa wakili senti moja. Kwa hiyo kila suala ambalo mnaweza kuelewana nje ya mahakama ni fedha inayobaki mfukoni kwa wote wawili. Hamwezi kukubaliana kuachana mkamwambia hakimu apige muhuri tu. Lazima aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ushahidi wake ni kama ukatili, uzinzi, kutelekezwa kwa makusudi, au kuhamwa kwa miaka isiyopungua mitatu. Lakini kuhusu mali na watoto mnaweza kuandika makubaliano na kuyaweka mbele yake. Kama kuna mahali pa kumlipa wakili kwa moyo mweupe, ni hapo.

Mali ndiyo inayowatoa watu jasho. Wengi huamini kuna sheria ya nusu kwa nusu. Haipo. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, mchango wa fedha, wa mali au wa kazi, pamoja na madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii yao. Wakenya nao walikuwa na dhana hiyohiyo, mpaka Mahakama yao ya Juu ikasema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa hauleti nusu kwa nusu wenyewe tu bila kuthibitisha mchango.

Kwa upande wetu kesi kubwa ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ya mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani, za kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali. Uamuzi ule umewafaa wanawake wengi mno. Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo: Mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizitapanya, na hilo likaumeza mchango wake. Ninalitaja kwa sababu watu hunukuu nusu ya kesi wakasahau nusu ya pili. Kanuni ipo upande wako, lakini ni lazima uithibitishe kwa maisha yenu nyinyi.

Uthibitisho unakaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Risiti za mabati na saruji, hata zilizofifia. Mkataba wa kununua kiwanja uliogongwa muhuri na serikali ya mtaa, na majina ya mashahidi waliokuwepo. Daftari la VICOBA linaloonyesha siku uliyochukua mkopo, na ujumbe wa M-Pesa uliomtumia fundi kesho yake. Fundi mwenyewe, ambaye anaweza kuja kueleza ni nani aliyekuwa akimlipa. Piga picha vyote mapema uvihifadhi kwa mtu unayemwamini, kwa sababu ugomvi ukiwaka mfuko ule ndio wa kwanza kupotea.

Nyumba aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa kwa kawaida ni yake, isipokuwa mwenzake aliiendeleza kwa kiasi kikubwa, au waliiendeleza pamoja. Mali iliyoandikwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ya huyo mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Iliyoandikwa majina ya wote inachukuliwa kuwa ya sawa kwa sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe ina mtego wake: kama ardhi ni ya mzee, mahakama haiwezi kuwagawia kitu cha mtu mwingine, na unachoweza kupigania ni thamani ya ulichoweka. Anayejenga kwa wakwe aombe maandishi siku anayochimba msingi.

Ukiona dalili kwamba nyumba ya ndoa inataka kuuzwa kinyemela, usisubiri hukumu. Sheria inamkataza mwenzako kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Ni hatua ya gharama ndogo kuliko kumfukuzia mnunuzi miaka mitatu baadaye. Na mkigawana, kumbukeni kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mali inayohamishwa kwa mwenza kama sehemu ya mgawo wa talaka isihesabiwe faida ya kutozwa, endapo anayepokea ataomba hivyo kwa maandishi. Anayesahau barua hiyo anaweza kudaiwa kodi ambayo hakupaswa kuilipa.

Na ambao hawakufunga ndoa? Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakatambulika kama mume na mke, sheria inawadhania kuwa wanandoa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Inawafungulia mlango wa kudai mali na matunzo. Haisaidii kama mmoja tayari yumo kwenye ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine.

Kwa watoto nasema kwa ufupi, kwa sababu jibu ni la nafuu kuliko watu wanavyodhani. Huhitaji kusubiri talaka ili kudai matunzo. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, hutozwi kitu. Akishindwa, Mahakama ya Watoto ipo kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nani akae na mtoto huamuliwa kwa ustawi wa mtoto, na aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa anafaa kuwa na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Fedha za matunzo zipitie kwenye simu au benki, zisipite mkononi, ili mtoaji na mpokeaji wote wawe na kumbukumbu.

Kuhusu kumdai fidia mtu aliyezini na mwenza wako: sheria inaruhusu, na uchungu wake naujua ni mkubwa. Lakini ni shauri jingine, na ushahidi wake ni mgumu. Kama fedha zako hazitoshi kwa yote mawili, zipeleke kwenye mali na watoto.

Siku ya hukumu, usitoke eneo la mahakama kabla hujaandika barua ya kuomba nakala ya hukumu na tuzo, hata kama umeshinda. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45 tangu uamuzi ulipotolewa. Nakala hizo ndizo zitakazotumika kusajili talaka kwa wakala wa usajili, RITA, na ndizo Msajili wa Hati atakazozitaka kabla ya kubadili jina kwenye hati ya nyumba.